Karata, Meza na Nyumba: Mchezaji wa Poka katika Historia ya Nairobi

Neno poka lina maana mbili jijini Nairobi, na anayezichanganya hupotea mapema. Poka ya kwanza ni ile ya bweni na ya kibaraza cha duka, ambayo wengi huiita kadi. Kila mchezaji hupewa karata nne, kisha hutupa karata inayolingana kwa aina au kwa namba na ile iliyo juu ya rundo. Mbili na tatu humwongezea jirani mzigo wa karata. Nane na malkia ni swali linalodai jibu. Ghulamu humruka mtu. Mfalme hugeuza mzunguko. Ree hubadili aina au huzima adhabu. Anayejiona tayari kumaliza zamu inayofuata hutangaza “niko kadi”, na asipotangaza hana ruhusa ya kumaliza. Mara nyingi hakuna pesa inayowekwa. Mshindi huondoka na sifa, na aliyeshindwa huchanganya karata.

Poka ya pili ndiyo ile ya dunia, hasa aina iitwayo Texas Hold'em. Mchezaji hupewa karata mbili za siri, na karata tano nyingine hufunuliwa katikati ya meza kwa hatua tatu, zitumiwe na wote. Kabla ya hatua hizo na baada ya kila moja, wachezaji huweka pesa, huongeza, au hutupa karata zao na kukubali hasara. Kitita cha katikati huenda kwa mwenye mkono bora, au kwa aliyewatisha wenzake mpaka wote wakatupa. Kwa sababu pesa hutoka kwa mchezaji kwenda kwa mchezaji mwingine, mwenye ujuzi zaidi anaweza, kwa muda mrefu, kuishi kwa makosa ya wengine. Hilo ndilo linalofanya poka iwe kazi kwa watu wachache, jambo ambalo gurudumu la ruleti haliwezi kumpa mtu yeyote.

Nairobi haikuwahi kukosa watu wenye vipaji vya karata. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni mahali pa kuvitumia. Kwa hiyo historia ya mchezaji wa poka jijini ni historia ya nyumba kuliko ya watu: nani aliruhusiwa kuweka meza, nani aliruhusiwa kuketi, na nani alichukua sehemu yake kabla ya mshindi kuhesabu chake.

Karata zenyewe zilifika Afrika Mashariki zamani kuliko mji wa Nairobi, na Kiswahili kimehifadhi ushahidi. Neno karata limetoka kwenye Kireno, na majina ya aina nne za karata vilevile: kopa, uru, pau na shupaza. Turufu, ambayo leo wanasiasa wa Kenya huitaja kila msimu wa uchaguzi, ni neno la Kireno la karata inayozipiga nyingine. Kamusi za zamani zinaonyesha jambo la kupendeza zaidi. Karata za picha ziliitwa wazungu: malkia ni mzungu wa pili, ghulamu ni mzungu wa tatu, na mfalme ni mzungu wa nne. Namba hizo zinalingana kabisa na alama za karata hizo katika michezo ya Kireno, ambamo malkia ana alama mbili, ghulamu tatu na mfalme nne, na ambamo ghulamu humpita malkia. Wareno waliofika pwani mwaka 1498 walipoteza Ngome ya Yesu mwaka 1698, lakini hesabu yao ya karata ilibaki midomoni mwa Waswahili. Barazani Mombasa na Lamu karata zilichezwa kwa kupitisha wakati, kwa kelele na kwa utani. Uislamu umeharamisha kamari waziwazi, na katika miji hiyo mchezo wa karata ulijitenga na pesa kwa sababu hiyo.

Reli ilifika kwenye bwawa la Nairobi mwezi Mei 1899, ikaleta makundi matatu yenye mazoea matatu ya karata. Watu wa pwani, na waliokuwa wamezoea lugha na desturi za pwani, walikaa katika vijiji vya mwanzo kama Pangani, ambacho serikali ya kikoloni ilikibomoa mwishoni mwa miaka ya 1930. Kwa Wahindi hesabu ni kubwa zaidi. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kujenga reli. Takriban 6,700 walibaki baada ya mikataba kwisha, wakafuatwa na wafanyabiashara na makarani. Katika familia nyingi zenye asili ya Gujarat ni desturi kucheza karata kwa pesa wakati wa Diwali, na mchezo unaopendwa ni tin pati, yaani karata tatu. Ndani yake mna mambo yote ambayo baadaye yaliitwa poka: kuongeza dau, kutisha bila kuwa na kitu mkononi, na hata kucheza gizani, bila kutazama karata, ili kumlazimisha mwenzio alipe zaidi. Jicho la kusoma uso wa mtu anayeficha karata lilikuwepo Ngara na Parklands miongo mingi kabla ya Texas Hold'em kufika.

Kundi la tatu lilikuwa la Wazungu. Klabu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1901, na ya Muthaiga ikafungua milango usiku wa mwisho wa mwaka 1913. Humo walicheza briji na michezo mingine kwa pesa, na mwenye deni alitia sahihi kwenye cheti akalipa baadaye. Mwafrika aliingia klabu hizo akiwa na sinia mkononi. Farasi pia walikuwa wao. Nairobi ilipata uwanja wa mbio mapema, upande wa mashariki wa mji, na ingawa uwanja huo haupo tena, barabara inayopita kati ya Ngara na Kariokor bado huitwa Race Course. Mwaka 1954 mbio zilihamia Barabara ya Ngong, kwenye uwanja wa Jockey Club ya Kenya, ambako zinaendelea hadi leo. Kwa hiyo tangu wakati wa ukoloni, pesa za kamari iliyokubalika zilikuwa zimeanza kuhamia magharibi mwa mji.

Iliyokataliwa ilibaki barabarani. Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1930 ilimweka anayecheza mchezo wa bahati kwa pesa mahali pa umma katika kundi moja na wazururaji na wavunjaji wa amani. Kifungu hicho kilivuka uhuru bila kuguswa. Kiliwatenganisha wachezaji kwa ukuta tu: karata zilezile, pesa zilezile, lakini mwenye chumba alikuwa salama na mwenye kijia alikuwa mhalifu. Ni vigumu kuona haki katika mpaka wa namna hiyo, na athari yake ilidumu, kwa sababu uliwafundisha maskini wa mji kwamba karata za pesa ni jambo la kufanywa mbio mbio, jicho moja likiangalia askari.

Hapo ndipo pata potea ilipostawi. Mchezeshaji huinama juu ya kipande cha katoni akiwa na karata tatu, huonyesha moja, huzirusha rusha, kisha hualika watu waweke pesa juu ya ile waliyoiona. Jina linaahidi nafasi mbili, kupata na kupotea. Nafasi ya pili ndiyo ya kweli. Mchezeshaji hushika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine, na wakati wa kurusha huachilia ya juu mahali ambapo jicho linatarajia ya chini. Wale wanaoshinda mbele ya umati ni wenzake, wanaojifanya wapita njia. Mwingine hukaa kona akitazama askari. Na mwingine humnong'oneza mgeni kwamba kona ya karata inayoshinda imekunjwa. Mgeni huyo mara nyingi ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi la mashambani, na pesa alizonazo ni za karo au za mbuzi aliyeuzwa. Kwa miongo kadhaa, kazi pekee ya kulipwa ambayo Mwafrika wa Nairobi angeweza kuifanya kwa karata ilikuwa hii, na ni wizi. Ndiyo maana katika nyumba nyingi jijini, kijana akisema anaishi kwa karata, mzazi haoni meza ya kijani. Anaona katoni.

Mwaka 1966, miaka mitatu baada ya uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya kamari, bahati nasibu na michezo ya bahati, na kuunda Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari. Mwaka huohuo ilianzishwa Kenya Charity Sweepstake, bahati nasibu ya hisani iliyouza tikiti zake katika vibanda vya katikati ya mji, na kwa Wakenya wengi hiyo ndiyo kamari halali ya kwanza waliyoigusa kwa mikono yao. Kwa mchezaji wa karata, neno lililokuwa na uzito katika sheria hiyo lilikuwa tafsiri ya “mchezo wa bahati”. Kwa kufuata mfano wa Uingereza, tafsiri hiyo iliingiza pia michezo inayochanganya bahati na ujuzi, ikaacha nje riadha na michezo ya viungo. Poka ikawekwa katika kapu moja na ruleti. Aliyepewa leseni ni mwenye nyumba. Mchezaji, awe bingwa au mlevi, alikuwa mteja tu.

Kasino zenyewe zilizaliwa pamoja na utalii. Hoteli za Hilton na InterContinental zilifunguliwa katikati ya mji mwaka 1969, na ni katika kipindi hicho ambapo International Casino ilianza kazi Museum Hill, penye mpaka wa katikati ya mji na Westlands, mwendo mfupi kutoka Jumba la Makumbusho. Ikawa kasino ya mfano jijini. Baadaye zikaja nyingine, kama ile ya Mayfair huko Parklands, na kadiri miaka ilivyosonga biashara hiyo iliegemea zaidi upande wa magharibi: Westlands, Parklands, Hurlingham, Kilimani. Sababu inaeleweka. Huko ndiko walikoishi wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, wanadiplomasia, wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa waliofuata makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, yaliyowekwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye wahandisi na wakandarasi wa Kichina. Katikati ya mji palibaki na mashine na vyumba vidogo vya orofani.

Lakini kasino hizi hazikuwa shule ya poka, na sababu ni ya kihesabu. Gurudumu la ruleti lenye sufuri moja lina nafasi 37, na anayepatia namba hulipwa 35 kwa moja. Tofauti hiyo ndogo humpa mwenye nyumba asilimia 2.7 ya kila shilingi inayowekwa, usiku baada ya usiku, bila kuhitaji akili wala udanganyifu. Kasino zilipotaka kuwa na kitu chenye jina la poka, zilileta ile ya Karibi, ambamo mchezaji hupambana na nyumba badala ya mchezaji mwingine, na nyumba hubaki na faida yake. Katika poka halisi nyumba haina upande. Hutoa meza, mgawaji karata, ulinzi na vinywaji, kisha hukata sehemu ndogo ya kila kitita. Meza ya watu tisa wanaofikiri polepole huleta kipato kidogo kuliko ruleti inayozunguka kila dakika, na kwa mwenye kasino meza hiyo ni nafasi iliyopotea, labda iwe inavuta watu ambao baadaye wataiendea ruleti.

Mambo yalibadilika kutokea ng'ambo. Mashindano ya dunia ya poka yalianza Las Vegas mwaka 1970, katika kasino ya Benny Binion, yakiwa mkusanyiko wa wacheza kamari wachache waliojuana. Doyle Brunson, aliyeshinda mwaka 1976 na 1977, ndiye aliyewaonyesha wengi kwamba mchezo huu una mbinu zinazoweza kuandikwa na kufundishwa. Kisha mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliingia mashindano hayo kupitia mchujo wa mtandaoni uliomgharimu dola 86, akawashinda watu 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Televisheni ilikuwa imeanza kuonyesha karata za siri za wachezaji, na mtazamaji aliye sebuleni, popote alipo, akaweza kuona uongo ukitengenezwa. Dunia ikaingia mbio za poka.

Nairobi iliingia ikiwa imechelewa kwa sababu ya waya. Mpaka katikati ya mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua, na mchezaji aliyekatikiwa mawasiliano katikati ya mkono huhesabiwa ametupa karata. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipotua Mombasa mwaka 2009, bei ilianza kushuka na mtandao ukatulia. Kijana wa Kileleshwa mwenye kompyuta akaweza kucheza na Mreno na Mrusi, kutazama mafunzo, na kuhifadhi kumbukumbu za maelfu ya mikono aliyocheza. M-Pesa ilikuwa imeanza mwaka 2007, lakini tovuti kubwa za poka za nje hazikujengwa juu yake, na pesa zililazimika kupitia kadi za benki au pochi za mtandaoni kama Skrill, kila kituo kikikata chake. Wakati huohuo meza za Texas Hold'em zilipata nafasi katika baadhi ya kasino za upande wa Westlands, na michezo ya faragha ikachezwa majumbani. Kwa mara ya kwanza, mtu wa Nairobi aliweza kujifunza poka mchana na kuicheza usiku.

Kazi yenyewe inahitaji kuelezwa kwa hesabu, kwa sababu filamu zimeiharibu. Meza ya kawaida ya kasino hucheza mikono kati ya 25 na 30 kwa saa. Uwezekano wa kupewa ree mbili ni mara moja katika mikono 221, kwa hiyo mchezaji anayeketi saa nane huzitarajia mara moja hivi kwa usiku mzima. Hata akizipata na mwenzake akawa na wafalme wawili, atashindwa takriban mara moja katika kila mara tano. Karata nzuri, basi, hazimlishi mtu. Kinachomlisha ni kutupa mikono mibovu kwa saa nzima bila kununa, kukumbuka nani huongeza dau akiwa na kitu na nani huongeza akiwa amekasirika, na kuchagua kiti kilicho upande wa kushoto wa mwenye pesa nyingi na subira kidogo, ili amwone akitenda kwanza.

Juu ya hayo kuna kato la nyumba. Tuchukue mfano wa meza ya watu tisa inayocheza mikono 28 kwa saa, huku nyumba ikikata wastani wa shilingi 300 kwa kila mkono. Kila saa shilingi 8,400 zinaondoka mezani. Kwa saa sita ni shilingi 50,400, sawa na shilingi 5,600 kwa kila mchezaji. Kwa hiyo mchezaji aliye sawa na wenzake kwa ujuzi huenda nyumbani akiwa amepungukiwa, na aliye bora kidogo huenda na nauli. Ni yule anayewazidi kwa mbali tu anayebaki na kitu baada ya nyumba kuchukua chake. Hivi ndivyo ilivyo Las Vegas na London pia, lakini huko mchezaji anaweza kuhama meza ikijaa wajuzi. Nairobi ina meza chache, na nyuso ni zilezile. Baada ya miezi michache wachezaji wazuri wanafahamiana, pesa zao zinazunguka, na wote wanamsubiri mgeni. Udogo huo wa soko umezuia kazi hii jijini kuliko sheria yoyote.

Ndiyo sababu mchezaji wa kulipwa wa Nairobi, kwa kawaida, huishi kwa miguu miwili. Mguu mmoja uko kasinoni mwisho wa wiki. Mwingine uko mtandaoni, ambako mtu anaweza kufungua meza nne na kucheza mikono 300 kwa saa kwa dau dogo. Mashindano makubwa ya Jumapili hupangwa kwa jioni ya Ulaya, ambayo ni usiku wa Nairobi, na anayefika meza ya mwisho humaliza alfajiri, matatu za kwanza zikipiga honi Waiyaki Way. Stima ikipotea, ni lazima awe na betri na laini ya simu ya akiba. Mashindano huwalipa wachache: kati ya watu mia, kumi hadi kumi na watano hivi hurudisha kiingilio, na pesa zenye maana huenda kwa watatu au wanne. Mtu mwenye uwezo anaweza kumaliza miezi mitatu bila kushinda lolote, na hapo hawezi kujua kwa urahisi kama ni bahati iliyompa kisogo au ni yeye aliyeharibika. Kumbukumbu zake alizoziandika ndizo humwambia, na asiyeandika hujidanganya.

Kinga dhidi ya vipindi hivyo ni mtaji. Wachezaji makini hutenga pesa za mchezo mbali na za kodi ya nyumba, na hujiwekea kanuni ya kuwa na akiba ya viingilio 20 hadi 50 vya meza wanayocheza. Kanuni hiyo ni rahisi kuitamka na ngumu kuishika katika jiji ambamo ndugu wanajua siku uliposhinda. Karo, hospitali, harambee ya mazishi: madai haya yote ni halali, na mchezaji anayeyakataa huonekana mchoyo, ilhali anayeyakubali hucheza wiki inayofuata akiwa na mtaji pungufu na mkono unaotetemeka. Njia moja ya kutokea ni kuuza sehemu ya matokeo. Rafiki hulipa nusu ya kiingilio na kupata nusu ya ushindi, na hasara pia hugawanywa. Makubaliano hayo hufanywa kwa mdomo na hutegemea heshima, kama chama.

Wimbi la kamari lililoipiga Kenya baada ya hapo halikuwa la karata. SportPesa ilianza mwaka 2014, ikaunganisha mpira wa Ulaya, simu na M-Pesa, na kijana wa Kawangware aliweza kuweka dau bila kuvuka mlango wa kasino. Mwaka 2017 Samuel Abisai alishinda shilingi milioni 221, na picha yake ilifanya kazi ya matangazo elfu. Mikeka, yaani orodha za ubashiri wa mechi, ilienea kila mtaa, na mashine za sarafu zikaingia hadi vijijini, mpaka serikali ikazikamata na kuziteketeza. Madhara kwa familia yalikuwa makubwa, na hasira ya umma ilikuwa ya haki. Mwezi Julai 2019 leseni za kampuni 27 za kubashiri hazikuhuishwa, na kabla ya mwaka kwisha SportPesa ilikuwa imesimamisha kazi kwa muda.

Kodi zilizofuata ziliandikwa zikilenga mikeka, lakini zilimgusa mcheza karata kwa namna yake. Katika mgogoro wa 2019 kati ya kampuni na Mamlaka ya Mapato, suala kubwa lilikuwa kodi ya asilimia 20 juu ya ushindi, na kama dau la mchezaji lihesabiwe ndani ya ushindi huo. Kwa anayeweka mkeka mmoja, tofauti ni ya shilingi chache. Poka ni tofauti kabisa. Mchezaji anaweza kushinda vitita arobaini kwa usiku na kupoteza thelathini na nane, na faida yake ni kile kijisehemu kilichobaki. Kodi inayokata kila ushindi bila kuangalia hasara humaliza kijisehemu hicho na kuendelea kuchimba. Mfanyabiashara wa Gikomba hulipa kodi baada ya kuondoa gharama ya marobota. Mcheza karata hakupewa mlango kama huo, kwa kuwa sheria haikumwona kama mtu mwenye kazi.

Pigo la mwaka 2020 lilikuwa la moja kwa moja. Kafyu iliyotangazwa mwezi Machi mwaka huo kwa sababu ya korona ilianza saa moja jioni, wakati ambao meza za poka zilikuwa hazijafunguliwa, na haikuondolewa kabisa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Waliokuwa na mguu mtandaoni waliendelea; waliotegemea kasino walitafuta kazi nyingine. InterContinental ilifungwa mwaka 2020, Hilton ikafuata mwishoni mwa 2022, na katikati ya mji pakabaki bila hoteli mbili zilizozaliwa pamoja na enzi ya kasino. Mwezi Novemba 2022 serikali ya kaunti ilifuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo katika makazi ya watu, na mitaa ya magharibi, ambako burudani za usiku zilikuwa zimeota kati ya nyumba na nyumba, ndiyo iliyohisi zaidi.

Uwezo huo wa kaunti ulitokana na Katiba ya 2010, ambayo iligawa usimamizi wa kamari na kasino kati ya serikali ya kitaifa na za kaunti, wakati sheria ya 1966 ikiendelea kutumika chini yake. Kwa miaka mingi mwenye kasino wa Westlands alihudumia mabwana wawili. Mwezi Agosti 2025 sheria mpya ya udhibiti wa kamari ilitiwa sahihi, ikaondoa ile ya 1966 na kuweka mamlaka mpya mahali pa Bodi. Inashughulikia matangazo, ulinzi wa watoto, mitandao, na masharti ya wenye leseni kwa upana ambao sheria ya zamani haikuweza kuufikiria. Anayepewa leseni ni, kama mwanzo, mwenye nyumba na mwenye mtambo. Mchezaji wa poka anayeketi mezani Parklands saa nne usiku, akiwa na mtaji wake na daftari lake la mikono aliyoicheza, huingia humo akiwa mteja, kama walioingia Museum Hill kabla yake.